Padi za bei chee na gemu za zamani za PC: nimehangaika wiki mbili mpaka ikatetemeka, njooni hapa

Mkesha_wa_Gemu:
Wakuu habari za jioni, uzi ni mrefu naomba mnivumilie, mwenye haraka ashuke mpaka kwenye namba ya chipu achukue chake aondoke.

Iko hivi. Nilinunua padi ya kuchezea gemu ya USB hizi zisizo na jina, nyeusi, ya waya, wamekopi umbo la padi ya PS2, elfu kumi na tano tu. Kwenye boksi imeandikwa ina mota mbili na inatetemeka. Nikamuuliza muuzaji hii inatetemeka kweli au ni maandishi tu? Akanambia kaka hiyo ikitetemeka utaidondosha. Haya. Nafika geto nachomeka kwenye mashine yangu ya Windows 10, imetambulika hapohapo, batani zote zinaitika, analogi zote mbili ziko poa, nafungua gemu ya GTA San Andreas nagonga nguzo makusudi, kimya. Nagonga basi, kimya. Najilipua na bomu mwenyewe, kimya kabisa, padi imelala mkononi kama rimoti ya tv.

Nikairudisha dukani. Jamaa hata hakuitoa kwenye mfuko, akasema tatizo ni kompyuta yako. Nilikasirika sana ila baada ya wiki mbili nakiri jamaa alikua sahihi, ingawa naamini na yeye alikua anabahatisha.

Sasa kwanini batani zifanye kazi afu mtetemo ugome? Kwa sababu batani zinatoka kwenye padi kwenda kwenye kompyuta, na hapo Windows ina draiva (programu ya kuongoza kifaa) yake ya jumla inayoelewa karibu kila padi. Mtetemo unasafiri kinyume. Gemu inatoa amri, amri inapita kwenye DirectInput au XInput (njia mbili za Windows za gemu kuongea na padi), inafika kwa draiva, draiva inaigeuza kua lugha ambayo chipu ya padi inaielewa, ndo chipu inapeleka umeme kwenye mota. Hizi padi za bei chee nyingi hazifuati ule utaratibu rasmi wa USB wa force feedback, yaani wa kuitetemesha padi, kila mwenye chipu ana amri zake za siri, kwahiyo bila draiva ya chipu hiyohiyo Windows inabaki inaitazama padi haijui iiambie nini.

Na hapo kwenye DirectInput na XInput ndo wengi tunapotea. DirectInput ndo ya zamani, mambo ya force feedback yaliingia na DirectX 5 mwaka 1997, ilitengenezwa kwa joistiki na usukani na kila aina ya kifaa. XInput ikaja 2005 pamoja na Xbox 360, yenyewe ni nyepesi, inajua padi nne tu na kila padi mota mbili, ya kushoto nzito inayonguruma taratibu na ya kulia nyepesi inayozizima haraka. Padi yako ya elfu kumi na tano kwa kawaida inaongea DirectInput. Gemu nyingi za kuanzia 2007 hivi zinaongea XInput. Hawaelewani hata kidogo.

Nilivofanya mimi:

Kwanza nikahakikisha mota zipo. Usicheke, zipo padi zimeandikwa zinatetemeka na ndani hamna kitu. Itikise karibu na sikio, ukisikia kitu kizito kinacheza kidogo kwenye mikono ya padi una dalili nzuri, ila uhakika ni kufungua skrubu za nyuma uone vile vimota vyenye kipande cha chuma kilichokaa upande upande. Kile chuma ndo siri yote, mota ikizunguka uzito unavuta upande mmoja ndo mkono unatetemeka.

Pili namba ya chipu. Fungua Device Manager, tafuta padi yako, Properties, kipengele cha Details, chagua Hardware Ids. Utaona VID_ (namba ya kampuni) na PID_ (namba ya bidhaa) na namba zake. Yangu ni VID_0079 PID_0006, hao ni kampuni ya DragonRise, naona ndo wamejaa mtaani. Ukikuta 0810 na 0001 hiyo ni ile inayojiita Twin USB Joystick. Hizi namba ni muhimu kuliko jina la kwenye boksi, boksi linadanganya, namba haidanganyi.

Tatu draiva. Ile sidii ndogo inayokuja kwenye boksi ambayo sote tunaifanya kioo cha kunyolea ndevu, humo ndo kuna draiva ya vaibresheni. Mimi kompyuta yangu haina sehemu ya sidii nikaenda kwa jirani akaninakilia kwenye flashi. Ukiiweka ikakubali, ukienda kwenye Run ukaandika joy.cpl (paneli ya padi ya Windows) ukafungua Properties ya padi, dirisha linakua limebadilika, linakuja na sehemu ya kujaribu mtetemo.

Nikabonyeza. Kimya!!

Hapa ndo nilitaka kuipiga ukutani. Nitaendelea kesho umeme unazingua.

chipsi_mayai:
Mkuu unaandika kitabu kwa padi ya elfu kumi na tano 😂 si ununue tu ya Xbox ukachomeka ukacheza, maisha mafupi haya

Mkesha_wa_Gemu:
@chipsi_mayai kaka hela ya padi ya Xbox nikiwa nayo nanunua ramu ya kompyuta. Afu tatizo halikua padi ndo maana nimeandika.

Haya naendelea, umeme umerudi. Sasa sikilizeni hii kitu maana sikuiona ikisemwa popote kwa Kiswahili. Windows yako kama ni ya biti 64, ukiandika joy.cpl inafunguka ile ya biti 64. Draiva nyingi za kwenye hizi sidii ni za zamani, zimekuja na DLL (faili la msimbo ambalo programu inalibeba ndani yake) ya biti 32 peke yake. Programu ya biti 64 haiwezi kubeba DLL ya biti 32 ndani yake, kwahiyo lile jaribio linakua kimya na wewe unadhani draiva imekufa. Kumbe gemu za zamani zenyewe ni za biti 32! Zenyewe zitaiona draiva bila shida. Jaribu hivi, fungua Run andika

C:\Windows\SysWOW64\rundll32.exe shell32.dll,Control_RunDLL joy.cpl

hiyo inafungua paneli ileile lakini ya biti 32. Mimi nilivoingia humo nikabonyeza jaribio, padi ikaruka kwenye meza ikagonga kikombe cha chai. Nilipiga kelele saa sita usiku mwenye nyumba akagonga dirisha.

Nyundo7:
Ahsante sana mkuu, hii ya SysWOW64 imenifungua macho. Mimi niko na Twin USB, ile padi mbili kwenye waya mmoja wa USB, 0810 kama ulivosema. Draiva ya 0079 nimejaribu kuiweka inakataa. Je niilazimishe?

Mkesha_wa_Gemu:
Usilazimishe mkuu, draiva imeandikwa kwa chipu fulani na amri zake, ukiilazimisha kwenye chipu nyingine ikienda vizuri haitatetemeka, ikienda vibaya batani zitaruka ruka. Tafuta ya 0810. Na ukitafuta mtandaoni tafuta kwa namba, sio kwa jina la padi, na uwe makini na zile tovuti za "pakua draiva zote bure", utaenda kutafuta mtetemo urudi na virusi. Faili la draiva ya padi ni dogo, ukiona inakutaka udanlodi kitu kikubwa chenye programu ya "kuskani kompyuta yako" kimbia.

Fundi_wa_Radio:
Nachangia upande wa vyuma maana nimeshafungua nyingi. Nilicholetewa mara nyingi ni vitu vitatu. Moja, mota ipo waya umekatika pale ulipochomewa, waya wenyewe mwembamba kama unywele, unachomea upya dakika mbili imeisha. Mbili, mota iko moja tu upande wa kushoto, kulia wameacha tundu tupu la plastiki, hiyo hata uweke draiva gani utapata nusu. Tatu, mtu kachomeka padi kwenye habu ya USB isiyo na umeme wake. Poti ya USB 2.0 ya kwenye kompyuta inatoa hadi miliampea 500, ila habu inayonyonya umeme kutoka kwenye kompyuta inatakiwa itoe 100 tu kwa kila poti. Mota zikianza kuzunguka padi inajizima na kuwaka tena, mtu anasema gemu inakwama. Chomeka nyuma ya kompyuta moja kwa moja.

Na ukifungua kumbuka zile mpira za batani zinaponyoka zote, fungulia juu ya taulo.

mosse_wa_Eldy:
Niaje wasee. Mimi shida yangu ni kinyume ya hiyo yako. Pad yangu ni wireless, iko na button ya Home hapo katikati, kwa Device Manager inaonekana kama ya Xbox 360. Kwa game mpya inavibrate fiti sana. Lakini game za kitambo zile za 2003, 2004 haivibrate hata kidogo na tena L2 na R2 zimekuwa kitu moja, nikipress zote mbili gari inasimama. Hiyo nayo ni nini?

Mkesha_wa_Gemu:
@mosse_wa_Eldy karibu mkuu. Yako inaongea XInput na gemu yako inaongea DirectInput. Hata padi halisi ya Xbox 360 iko hivohivo, ikionekana kupitia DirectInput zile triga mbili (L2 na R2) zinawekwa kwenye mhimili mmoja wa Z, moja inavuta juu nyingine chini, ukibonyeza zote zinafutana. Na mtetemo haupiti kabisa njia hiyo. Kwahiyo sio uchawi wala padi mbovu.

Una njia mbili. Padi nyingi za hivo ukishikilia hiyo Home sekunde kadhaa taa zinabadilika, inahamia modi nyingine, moja wapo ni ya DirectInput, triga zitaachana. Ila ukihamia huko unarudi kwenye shida yangu mimi, utahitaji draiva ya chipu ili itetemeke. Njia ya pili ibakize kwenye XInput halafu tumia Xidi, hiyo ni DLL unayoiweka kwenye folda ya gemu pembeni ya exe (faili la kuanzisha gemu), gemu inadhani inaongea na DirectInput kumbe inaongea na Xidi, na Xidi inaongea XInput na padi yako, inatenganisha triga na inapitisha force feedback pia. Kuna na XInput Plus ya Wajapani inafanya kazi inayofanana na hiyo. Chagua ya biti 32 kama gemu ni ya zamani.

mosse_wa_Eldy:
Wacha nijaribu Xidi nikitoka job. Nitarudi kuripoti.

Binti_Kibodi:
Samahani kaka Mkesha, mbona wote wanasema weka tu x360ce imeisha? Mi nimeiweka kwenye GTA IV batani zote sawa, picha za batani za Xbox zinatokea, lakini vaibresheni hamna. Nimeshatiki Enable Force Feedback.

Mkesha_wa_Gemu:
Dada swali lako ndo lilikua sababu ya uzi wote huu, ahsante kwa kulileta.

x360ce SIO mbadala wa draiva. Rudia tena kusoma hiyo sentensi. x360ce ni mkalimani. GTA IV inasema kwa XInput "tetemesha mota ya kushoto nusu nguvu", x360ce inasikia, inageuza kua DirectInput, inampelekea draiva. Sasa kama hakuna draiva wa kupokea, mkalimani anaongea na ukuta. Ndo maana batani zinafanya kazi, maana batani hazihitaji hiyo draiva, lakini mtetemo unafia pale pale. Mimi mwenyewe nilibadilisha mipangilio ya x360ce siku nne nzima, nikapakua matoleo matano, kumbe tatizo liko chini yake. Draiva kwanza, jaribu kwenye joy.cpl mpaka itetemeke, ndo uje kwenye x360ce.

Ukishapata draiva, nenda kwenye kipengele cha force feedback ndani ya x360ce, kuna aina ya nguvu, yaani Constant, Sine na Sawtooth. Kwangu Constant ilikua haifanyi kitu, nikaweka Sine ikaitika. Kwenye padi nyingine inaweza ikawa tofauti, jaribu zote tatu. Kama ukipiga bunduki padi inanguruma kama trekta na ukigonga gari inazizima kama simu, mota zimepishana, tiki ile ya kubadilisha mota.

Binti_Kibodi:
Sasa nimeelewa. Ngoja niangalie kwanza draiva. Namba yangu na mimi ni 0079 0006.

kapteni_koma:
Mi nimeweka x360ce kwenye GTA IV nikifungua inaleta 0xc000007b haifunguki kabisa. Nimeshafuta na kurudisha gemu mara mbili bando limeisha 😭

Mkesha_wa_Gemu:
Pole sana, hukua na haja ya kufuta gemu. Hiyo namba mara nyingi maana yake biti zimegongana, umeweka xinput1_3.dll ya biti 64 kwenye gemu ya biti 32. GTA IV ni ya 2008 na ni ya biti 32 hata kama Windows yako ni 64. Unaangalia gemu, huangalii Windows. Futa hiyo xinput1_3.dll kwenye folda ya gemu, chukua x360ce toleo la 3 la biti 32, ifungue ukiwa ndani ya folda ilipo exe, itakuuliza kama itengeneze dll, kubali.

Na gemu ikifunguka lakini x360ce haionekani kufanya kitu, inawezekana gemu inatafuta jina lingine, zipo xinput1_1, 1_2, 1_3, 1_4 na xinput9_1_0. Unakopi ileile unabadilisha jina.

penguini_wa_Dodoma:
Kwenye Linux nyie mnapata tabu bure. Padi hiyohiyo ya 0079:0006 nilichomeka kwenye Ubuntu, kerneli (kiini cha Linux) ina moduli ya hid-dr imeandikwa kwa ajili ya DragonRise kabisa, na hizo za Twin USB 0810 zina hid-pl. Hakuna sidii wala nini. Weka pakiti ya joystick, andika fftest /dev/input/event na namba ya padi yako, unachagua efekti inatetemeka. Gemu za zamani nacheza kwa Wine, ile programu ya kuendesha vitu vya Windows kwenye Linux.

chipsi_mayai:
Tulikua tunakusubiri mtu wa Linux, ulichelewa leo

penguini_wa_Dodoma:
😂😂 nilikua najenga kerneli

Mkesha_wa_Gemu:
Lakini anachosema ni kweli na kina faida hata kwa mtu wa Windows. Ukiwa na flashi ya Ubuntu ile ya kujaribu bila kuinstoo, chomeka padi ufanye hiyo fftest. Ikitetemeka huko unajua mota na chipu ni wazima, shida ni Windows yako tu. Ikikaa kimya mpelekee Fundi wa Radio.

Nyundo7:
Mkuu mrejesho, Twin USB imetetemeka padi zote mbili! Sasa San Andreas mbona bado? Draiva ipo, joy.cpl inatetemeka.

Mkesha_wa_Gemu:
Ah nilisahau kumalizia ya San Andreas ambayo ndo ilinianzishia balaa lote. Kuna gemu ambazo kwenye PC mtetemo haufiki kwenye padi hata ufanye nini, gemu yenyewe haipeleki amri. San Andreas ya PC ni moja wapo, wenye PS2 walitetemeka sisi tukabaki tunatazama. Dawa yake ni modi (nyongeza ya kuweka kwenye gemu) inaitwa GInput, iko ya GTA III, Vice City na San Andreas, unaweka ASI Loader (faili linaloifanya gemu isome modi) kwanza halafu GInputSA.asi. Hiyo inaleta vaibresheni kama ya konsoli. Ila GInput inaongea XInput tu, kwahiyo kwa padi zetu hizi mnyororo unakua hivi: GInput inapeleka XInput, x360ce inageuza, draiva inapokea, mota inazunguka. Kwenye hii nilitumia x360ce toleo la 4, lenyewe haliweki dll kwenye folda ya gemu, linatengeneza padi bandia ya Xbox 360 ambayo Windows nzima inaiona.

Kabla hujahangaika na gemu yoyote ingia tovuti ya PCGamingWiki utafute gemu yako, shuka kwenye sehemu ya input uone inatumia XInput au DirectInput. Mtu angenambia mapema angeniokolea wiki nzima.

Ukishaweka vyote, panda gari pale Grove Street, toka kwa kasi ugonge ukuta. Mi niligonga ule ukuta kama mara arobaini.

mosse_wa_Eldy:
Wasee Xidi imeweza. L2 na R2 zimeachana na inavibrate. Nilikuwa nimeweka ya 64 mara ya kwanza haikufanya kitu, nikaweka ya 32 ikashika. Shukran sana mkuu.

Binti_Kibodi:
Na mimi imekubali. Sine ndo ilifanya kazi. Nimeipunguza nguvu hadi asilimia 60 maana mama alidhani simu yake inaita kila nikigonga gari, alikua anainuka kuitafuta.

kapteni_koma:
Mimi naomba bando jamani nirudishe gemu

chipsi_mayai:
@Mkesha_wa_Gemu mkuu naomba kuuliza kitu, usinicheke. Nina padi kama hiyo chini ya kitanda tangu mwaka juzi nilidhani mbovu. Inaonyesha VID_0E8F PID_0003. Hiyo nayo ina draiva yake?

penguini_wa_Dodoma:
Hiyo ni GreenAsia. Kwenye Linux ni hid-pl ileile 😁

chipsi_mayai:
Sikukuuliza wewe